Homa, Uchungu na Mganga: Maneno ya Kawaida Yanayopotosha Mbele ya Daktari

Mama aliyekulia Nakuru na mama aliyekulia Morogoro wanaweza kuketi kwenye benchi moja la hospitali, kila mmoja amempakata mwanawe, na wote wawili wakamwambia muuguzi sentensi ileile: "Mtoto ana homa tangu juzi." Yamkini wa kwanza anazungumzia makamasi, chafya na koo linalowasha. Wa pili anazungumzia mwili unaochemka, na moyoni tayari anaihofia malaria. Muuguzi ataandika neno moja katika kadi mbili, na kati ya watatu hao hakuna atakayekuwa amekosea Kiswahili.

Kutoelewana kwa namna hii ni kugumu kukugundua kuliko kule kunakotokana na neno geni. Mtu wa Dodoma akisikia kwa mara ya kwanza neno "tungule" kisiwani Unguja, huuliza ni kitu gani, huambiwa kuwa ni nyanya, na mazungumzo huendelea. Neno ambalo pande zote mbili zinalifahamu tangu utotoni haliulizwi. Kila mmoja hulijaza maana ya kwao, hujibu kwa maana hiyo, na huondoka akiamini kwamba ameelewa na ameeleweka. Sokoni, kosa la namna hiyo huishia katika kicheko. Mbele ya daktari, katika maelezo ya dawa au katika kipeperushi cha afya, linaweza kumgharimu mtu siku ya matibabu aliyoihitaji sana.

Makala haya yanaeleza baadhi ya maneno hayo, yakifuata takriban safari ya mgonjwa: anavyoeleza maradhi yake, anayetumwa kumwona, dawa anayopewa, masharti ya chakula, na majina ya jamaa yanayoandikwa katika fomu.

Usanifishaji na mipaka yake

Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliamua kwamba lahaja ya Unguja, yaani Kiunguja, iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha iliyohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na kamusi iliyotolewa kwa jina la Frederick Johnson mwaka 1939 ikawa tunda mashuhuri la kazi hiyo. Baada ya uhuru, Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ikachapishwa mwaka 1981.

Kazi hiyo ndefu iliweka pamoja tahajia, upatanisho wa kisarufi na msamiati wa shuleni. Matokeo yake ni kwamba gazeti la Nairobi husomeka Mwanza bila taabu. Hata hivyo, maneno ya nyumbani, ya jikoni na ya maradhi hayakujifunzwa vitabuni. Yalijifunzwa kwa mama, kwa bibi na kwa majirani. Pwani yalirithiwa kutoka lahaja za wenyeji kama Kimvita, Kiamu na Kipemba. Barani yalipokewa na watu waliokuwa na lugha zao za kwanza, nao wakayapa maneno ya Kiswahili mipaka ya maana iliyofanana na ya lugha hizo. Mashariki ya Kongo yalikua kando ya Kifaransa na lugha za huko, mbali na shule zilizofuata vitabu vya kamati.

Kamusi huonyesha maana za neno kwa namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa kawaida haionyeshi ni maana ipi inayomjia msemaji wa mji fulani kabla ya nyingine. Mfasiri anayechukua maana namba moja kwa kila msemaji huwa amefanya chaguo la kijiografia bila kujua.

Homa na degedege

Katika kamusi, "homa" ni hali ya joto la mwili kupanda kupita kiasi, na hutumika katika majina ya maradhi mengi: homa ya manjano, homa ya matumbo, homa ya mapafu. Nchini Tanzania maana hiyo ndiyo inayotawala. Mtu mwenye homa ana joto, na katika maeneo yenye mbu, mawazo ya wengi hukimbilia malaria. Mafua huitwa kwa jina lake, "mafua".

Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, hasa barani, "homa" mara nyingi ni mafua: pua inayotiririka, kukohoa, uchovu wa siku mbili tatu. Anayesema "nina homa, sitakuja kazini" si lazima awe na joto. Kitabu cha shule cha Kenya kinaweza kulitumia neno kwa maana ya kikamusi, na msemaji yuleyule akaelewa vizuri asomapo, kisha akalitumia kwa maana nyingine afikapo nyumbani.

Tofauti hii ina uzito. Shirika la Afya Duniani hutahadharisha kwamba malaria inayosababishwa na kimelea cha Plasmodium falciparum, isipotibiwa, inaweza kufikia hali ya hatari na hata kuua ndani ya saa 24. Kipeperushi kinachosema "mtoto akiwa na homa, mfikishe kituo cha afya siku hiyohiyo" humwambia mzazi mmoja jambo la lazima, na humwambia mwingine jambo linaloonekana kuwa la kupita kiasi, kwa kuwa hakuna anayempeleka mtoto hospitalini kwa kila chafya. Mzazi huyu wa pili hupuuza agizo kwa sababu ya neno moja.

Tiba yake ni rahisi. Mwandishi ataje dalili badala ya kutegemea jina: "mwili wa mtoto ukiwa na joto kuliko kawaida" au "joto la mwili likipanda". Maneno hayo hayana maana mbili popote Kiswahili kinapozungumzwa.

Neno "degedege" linaonyesha upande mwingine wa jambo hilohilo. Kwa mhudumu wa afya, degedege ni mitukutiko ya mwili na kupoteza fahamu, hali ambayo kwa watoto wadogo yaweza kuwa dalili ya malaria kali. Katika jamii nyingi za pwani ya Tanzania, kwa miaka mingi degedege lilihesabiwa kuwa ugonjwa wa peke yake, usiohusiana na malaria, na uliohusishwa na pepo au na ndege apitaye usiku. Kwa msikilizaji wa namna hiyo, sentensi "malaria inaua watoto" haikugusa degedege hata kidogo. Ujumbe uliokusudiwa ulihitaji kuyataja majina yote mawili na kueleza uhusiano wake.

Hawezi, anaumwa, anaugua

Katika Kiswahili cha pwani, hasa katika usemi wa wazee na katika maandishi ya zamani, "hawezi" peke yake humaanisha kwamba mtu ni mgonjwa. "Baba hawezi" ni habari ya ugonjwa. "Alikuwa hawezi muda mrefu" ni habari ya mtu aliyeugua kwa muda mrefu. Barani, "hawezi" huacha swali likining'inia: hawezi nini? Kutembea? Kuja? Kulipa? Mfasiri asiyelijua tumizi la pwani huongeza kitenzi cha kubuni ili sentensi ikamilike, na mgonjwa hugeuka kuwa mtu asiye na uwezo au asiye na nia. Haifai pia kulichanganya na "hajiwezi", ambalo kwa wengi humtaja mtu aliyelemewa kabisa na ugonjwa, na katika muktadha mwingine humtaja asiye na mali.

Nchini Tanzania neno la kila siku ni "anaumwa". Limetokana na "kuuma", na kwa umbo lake ni kauli ya kutendwa. Mwanafunzi anayechambua umbo hilo bila kujua matumizi hutafsiri "ameumwa na kitu" au "yuko katika maumivu". Mtanzania anayesema "jana niliumwa" anaweza kuwa hakuhisi maumivu yoyote. Alikuwa mgonjwa tu. Msemaji wa Kenya mara nyingi angesema "nilikuwa mgonjwa", na angetumia "kuumwa" pale penye kiungo kinachouma au mnyama aliyeuma.

"Kuugua" hueleweka kote kwa maana ya kuwa mgonjwa, lakini lina maana ya pili ya kutoa sauti ya maumivu au huzuni, yaani kupiga kite. Sentensi "aliugua usiku kucha" inaweza kuwa habari ya ugonjwa ulioanza jioni na kuisha asubuhi, au habari ya mtu aliyesikika akilalama hadi alfajiri. Anayeandika ripoti ya mgonjwa hana budi kuchagua sentensi isiyoruhusu usomaji wa pili.

Uchungu na chembe ya moyo

Neno "uchungu" lina maana tatu zinazojulikana kote: ladha isiyo tamu, huzuni ya moyo, na maumivu ya kujifungua. Nchini Kenya limepanuka na kuwa neno la kawaida la maumivu ya aina yoyote. Daktari akiuliza "unasikia uchungu wapi?", mgonjwa huonyesha goti, jino au mgongo bila kusita.

Nchini Tanzania maumivu ya goti huitwa "maumivu". Mwanamke mjamzito akisema "nina uchungu" au ndugu zake wakisema "ameshikwa na uchungu", wanaosikia huanza kutafuta usafiri wa kwenda kujifungua. Kutoka hapo matatizo mawili huweza kuzuka. Mjamzito aliyezoea Kiswahili cha Nairobi, mwenye maumivu ya mgongo katika mwezi wa saba, anaweza kumshtua mkunga wa Tanzania bila sababu. Kinyume chake ndicho cha hatari zaidi. Mjamzito wa Tanzania akiulizwa na mkalimani, "unasikia uchungu?", anaweza kujibu "hapana" kwa uaminifu kamili, kwa kuwa siku zake za kujifungua hazijafika, ilhali tumbo linamuuma tangu asubuhi. Jibu lake litaandikwa kuwa hana maumivu.

Swali salama ni "kuna mahali panapokuuma?" Kitenzi "kuuma" kwa kiungo cha mwili hueleweka Lamu na Mbeya kwa namna ileile. Uchungu wa kujifungua nao utajwe kwa ukamilifu wake.

Msemo "chembe ya moyo", ambao pia hutamkwa "chembe cha moyo", umewapotosha wafasiri wengi wanaotafsiri neno kwa neno. Humaanisha sehemu ya juu ya tumbo, chini kidogo ya mahali mbavu zinapokutana. Anayesema chembe ya moyo inamuuma huenda ana vidonda vya tumbo. Mfasiri anayeona neno "moyo" na kuandika kwamba mgonjwa ana maumivu ya moyo humtuma katika vipimo tofauti kabisa. Hata hivyo, kwa kuwa maradhi ya moyo nayo huweza kuumiza sehemu hiyo, mkalimani hapaswi kumwamulia daktari. Aeleze mahali penyewe palipotajwa, na ikiwezekana mgonjwa aonyeshe kwa kidole.

Mganga ni nani?

Hakuna neno la afya linalotofautiana kwa mipaka ya nchi kuliko "mganga". Nchini Tanzania ni cheo cha serikali. Kuna Mganga Mkuu wa Serikali, Mganga Mkuu wa Mkoa, Mganga Mkuu wa Wilaya, na Mganga Mfawidhi anayesimamia kituo. Wote hao ni wataalamu wa tiba ya kisasa. Anayetibu kwa mitishamba au kwa ramli hutofautishwa kwa nyongeza: mganga wa kienyeji, mganga wa jadi, mganga wa tiba asili. Katika mazungumzo ya kawaida, hata Mtanzania anaposema "amekwenda kwa mganga" bila nyongeza, mara nyingi humaanisha huyo wa pili. Cheo na mazungumzo havifuati njia moja.

Nchini Kenya, "mganga" ni wa jadi tu. Mabango yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme mijini, yenye neno hilo na namba ya simu, huahidi kurudisha mpenzi aliyepotea au mali iliyoibwa. Daktari wa hospitali huitwa "daktari". Msomaji wa Kenya anayekutana na habari kwamba "Mganga Mkuu ametoa tamko kuhusu kipindupindu" huweza kudhani anasoma mzaha.

Upande wa magharibi hali hubadilika tena. Katika Kinyarwanda na Kirundi, "umuganga" ni daktari. Katika Kilingala, "monganga" ni daktari. Kiswahili cha Kongo kimekaa katika mazingira hayo, na "munganga" au "muganga" huko humtaja tabibu wa hospitali bila doa lolote. Mkimbizi kutoka Kivu anapomwambia mkalimani kwamba alitibiwa na "muganga" kabla ya kuvuka mpaka, huenda anaeleza upasuaji uliofanywa hospitalini. Mkalimani aliyelelewa Kenya, akiwa kazini Marekani au Ulaya, anaweza kulitafsiri kwa neno la Kiingereza linalomtaja mpiga ramli. Historia nzima ya matibabu ya mtu huyo hushuka thamani machoni pa daktari anayesikiliza, na mgonjwa hana njia ya kujua kwa nini haaminiwi.

Anayetafsiri vyeo vya Tanzania hana budi kutafsiri kazi ya mwenye cheo. Anayetafsiri maneno ya mgonjwa wa Kongo aulize: "Huyo muganga alikuwa wa hospitali au wa dawa za jadi?" Swali hilo fupi halimvunjii mtu heshima.

Sindano, tembe na saa za dawa

Mtanzania "huchomwa" sindano. Mkenya "hudungwa" sindano. Sentensi ikiwa kamili, hakuna anayepotea, kwa kuwa neno "sindano" huwaongoza wote. Shida huja pale wasemaji wanapofupisha, jambo ambalo watu wa mahali pamoja hulifanya kila siku. Muuguzi wa Dar es Salaam akiuliza "mtoto ameshachomwa?", mama wa huko hujibu bila kusita. Mama aliyetoka Eldoret husikia habari ya moto.

Dawa ya kumeza huitwa "kidonge" nchini Tanzania, na nchini Kenya, hasa katika maandishi na katika vyombo vya habari, huitwa pia "tembe". Kwa Mtanzania, hasa wa mikoa ya kati, tembe ni nyumba ya udongo yenye paa la bapa. Hapa muktadha humwokoa msikilizaji, lakini mwenye kuandika maelezo ya dawa kwa nchi zote mbili atafanya vema kutumia "vidonge", neno linaloeleweka pande zote.

Maelezo ya kipimo yana mtego wake. Katika hospitali za Tanzania husemwa "kimoja kutwa mara tatu", yaani kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Katika lugha ya jumla "kutwa" ni muda wa mchana mpaka jua kuchwa, kama katika msemo "mchana kutwa, usiku kucha". Mwenye kuijua maana hiyo pekee anaweza kumeza dozi zote tatu kabla ya magharibi na kuuacha usiku mzima bila dawa. Vivyo hivyo, mwanafunzi wa lugha anayejua "kesho" na "kutwa" kila moja kwa maana yake huweza kudhani kwamba "keshokutwa" ni kesho mchana wote, akafika kliniki siku moja mapema.

Hesabu ya saa yenyewe huhitaji uangalifu. Saa mbili asubuhi ya Kiswahili ni ile ambayo saa ya simu huonyesha 8:00. Dawa iliyoandikwa "saa 2 asubuhi na saa 2 usiku" husomwa vingine kabisa na mhudumu wa nje ya Afrika Mashariki, au na kijana aliyekulia Ulaya anayemsomea bibi yake. Njia bora ni kuandika saa kwa maneno, kisha kuongeza tarakimu za saa ya simu.

Pwani kuna jambo la ziada. Kwa hesabu ya jadi inayofuata desturi ya Kiislamu, siku huanza jua linapotua. "Usiku wa Ijumaa" kwa wenye hesabu hiyo ni usiku ambao wengine huuita Alhamisi usiku. Mgonjwa aliyeagizwa asile kitu "usiku wa Ijumaa" kwa ajili ya upasuaji wa Jumamosi anaweza kufunga usiku wa kwanza na kula usiku wa pili. Vyombo vya habari vimelitatua jambo hili kwa kusema "usiku wa kuamkia Jumamosi", na hospitali hazina sababu ya kutofanya hivyo.

Chai na mboga

Nchini Tanzania, "kunywa chai" ni kula mlo wa asubuhi. Chai hapo ni pamoja na mkate, chapati, maandazi au viazi. "Sijanywa chai" ina maana kwamba tangu msemaji aamke hajala kitu. Neno rasmi "kifungua kinywa" lipo, na Kenya kuna "kiamshakinywa" na "staftahi", lakini mdomoni mwa Mtanzania chai ndiyo mlo.

Mgonjwa anayetakiwa kupimwa sukari kabla ya kula anaweza kuambiwa "kesho uje bila kunywa chai". Mtanzania atafika na njaa, kama ilivyokusudiwa. Msikilizaji asiye na tumizi hilo ataacha kikombe na kula mkate kwa maji, na kipimo kitaonyesha sukari iliyopanda. Agizo lisilo na utata ni "usile wala kunywa kitu chochote isipokuwa maji", ikiwa maji yameruhusiwa.

Neno "mboga" hupotosha kwa namna ya kimya zaidi. Nchini Kenya, mboga ni majani kama sukuma wiki, mchicha na kabichi. Nchini Tanzania, mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali: nyama, dagaa, maharage au majani. Swali "leo mboga ni nini?" linaweza kujibiwa "samaki" bila mshangao. Ndiyo maana Watanzania husema "mboga za majani" wanapotaka kuyatenga majani. Pwani, nyama na samaki huitwa pia "kitoweo".

Mtaalamu wa lishe akimuuliza mjamzito, "unakula mboga kila siku?", jibu la "ndiyo" kutoka Iringa linaweza kuwa na maana kwamba hali ugali mtupu. Jibu hilohilo kutoka Kisumu hutaja majani. Dodoso la lishe linalotumika katika nchi zote mbili likiwa na neno hilo peke yake litakusanya majibu mawili tofauti chini ya safu moja, na hakuna hesabu itakayoweza kuyatenganisha baadaye.

Bibi, nyanya na ndugu katika fomu

Fomu za hospitali huuliza jina la mtu wa karibu. Nchini Tanzania, "bibi" ni mama wa baba au wa mama. Nchini Kenya na katika Kiswahili cha Kongo, "bibi" ni mke. Pwani ni pia jina la heshima kwa mwanamke, ambalo hufupishwa kuwa "Bi." mbele ya jina. Barua inayosema "bibi yake ndiye aliyetia saini ya kukubali upasuaji" inaweza kumtaja mke wa umri wa miaka 30 au ajuza wa miaka 80. Sheria za ridhaa huenda zisiwatazame watu hao wawili kwa jicho moja.

Mkenya anayetaka kumtaja mama wa mzazi wake husema "nyanya", neno ambalo kwa Mtanzania wa leo ni kwanza tunda la mchuzi. Wengi wanaifahamu maana ya pili, lakini huwachukua muda kuikumbuka, hasa katika simu inayokatikakatika.

"Ndugu" nalo hupanuka na kubanwa. Kwa maana finyu ni mtu uliyezaliwa naye. Tanzania Bara humtaja jamaa yeyote wa ukoo, na katika lugha rasmi limetumika kama anwani ya raia mwenzako. Daktari anayeuliza "kuna ndugu mwenye kisukari?" hutaka kujua urithi wa damu. Kwa maana finyu mgonjwa huwaacha wazazi wake nje ya jibu. Kwa maana pana huweza kumtaja mke wa mjomba, ambaye hana damu moja naye. Maneno "mke", "mume", "mama mzaa mama", "baba mzaa baba" na "mliozaliwa tumbo moja" ni marefu kidogo, lakini hayana mgogoro.

Wajibu wa mfasiri, mwalimu na mwanafunzi

Katika mifano yote iliyotajwa hakuna upande uliopotoka. Mkenya anayeita mafua "homa" na Mtanzania anayeita mlo "chai" wanatumia lugha yao kama wanavyoielewa waliowazunguka. Mkalimani anayemsahihisha mgonjwa humnyamazisha, na mgonjwa aliyenyamazishwa huacha kueleza dalili nyingine. Kazi ya mkalimani ni kuifikisha maana iliyokusudiwa, na kwa hilo anahitaji kujua msemaji alijifunzia wapi maneno yake.

Swali la kwanza la mkalimani kwa mgonjwa, kwa hiyo, liwe kuhusu mahali alipokulia. Uraia hautoshi. Mtu mwenye pasipoti ya Tanzania anaweza kuwa alizaliwa katika kambi ya wakimbizi na kulelewa kwa Kiswahili cha Kongo. Nje ya Afrika, pale ambapo "Kiswahili" huandikwa katika orodha kama lugha moja na mkalimani yeyote hutumwa kwa mgonjwa yeyote, swali hilo huchukua nusu dakika na huzuia makosa mengi.

Anayeandika kwa wasomaji wa nchi nyingi aandike dalili, kiungo na kitendo, asitegemee jina moja la jumla. Rasimu yake isomwe na watu wa angalau sehemu mbili zilizo mbalimbali, kila mmoja akiombwa aeleze kwa maneno yake alichoagizwa kufanya. Kuwauliza kama wameelewa hakusaidii, kwa kuwa wote watajibu kwamba wameelewa.

Mwalimu naye atawasaidia wanafunzi kwa kuwafundisha neno pamoja na mahali pake. Daftari la msamiati lenye safu ya tatu, baada ya neno na maana, inayosema "limesikika wapi na kwa nani", litakuwa na manufaa hata baada ya mtihani. Mwanafunzi aliyeandika "mganga: daktari" bila safu hiyo ana nusu ya habari. Aliyeandika "mganga: cheo cha daktari serikalini Tanzania; daktari Kongo; wa jadi Kenya" atajua, siku atakapoketi kati ya mgonjwa na daktari, ni wakati gani wa kusimamisha mazungumzo na kuuliza.